Gari Lililoacha Kuchemsha Likaanza Kula Mafuta: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinahusu gari dogo la familia la milango mitano, lenye injini ya petroli ya cc 1,300 na gia otomatiki, lililoundwa mwaka 2008 na kununuliwa likiwa limekwisha kutumika. Wenyewe ni dada yangu na mume wake, wenye watoto watatu, na gari hilo ndilo linalofanya kila kitu nyumbani kwao: kupeleka watoto shule, kwenda kazini, kubeba vitu vya nyumbani, na mara mbili tatu kwa mwaka kusafiri mbali. Gari la namna hii mtu halinunui ili aonekane. Analinunua kwa sababu watu watano wanaingia na mizigo yao, spea zake hazisumbui kupatikana, fundi yeyote mwenye akili timamu anaweza kulifungua, na zaidi ya yote, halili mafuta. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyopotea, na ilipotea polepole kiasi kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na uhakika kama imepotea kweli au ni hisia tu.

Kilichoniwezesha kuandika uchambuzi huu badala ya kusimulia maneno ya gereji ni daftari. Dada yangu ana daftari dogo ndani ya droo ya dashibodi, na kila anapojaza mafuta huandika tarehe, kilomita zilizosomeka, lita zilizoingia, na pembeni neno moja au mawili ya maelezo. Ana sharti lake: tenki linajazwa hadi mdomo wa pampu ukate wenyewe mara ya kwanza, basi, na mhudumu haruhusiwi kuongezea ili hesabu ifike namba nzima. Sharti hilo linaonekana dogo lakini ndilo linaloipa hesabu maana, kwa sababu lita zinazoingia leo ndizo zilizotumika tangu tenki lilipojazwa mara iliyopita. Unachukua lita, unazidisha kwa 100, unagawanya kwa kilomita. Tenki moja peke yake linaweza kudanganya, kwa kuwa pampu hazikati sawasawa na gari haliegeshwi kila mara mahali tambarare. Wastani wa matenki matano mfululizo hudanganya kwa shida.

Katika miaka miwili ya kwanza, wastani ulikuwa lita 6.9 kwa kilomita 100. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri unaonyesha kilomita 492 kwa lita 33.8. Katika mwaka wa nne, wastani ulikuwa 8.2, na mfano wake ni kilomita 421 kwa lita 34.5. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 19, ambayo kwa gari lililonunuliwa kwa sababu ya kubana matumizi si jambo la kufumbia macho.

Kabla sijaitwa, yalikuwa yamekwisha kufanywa mengi, na daftari linayaonyesha yote yakiwa yamebandikwa pembeni mwa namba ambazo hazikubadilika. Plagi zilibadilishwa, tenki lililofuata lilisoma 8.2. Ea klina ilibadilishwa, 8.3. Iliwekwa ndani ya tenki dawa ya kusafisha injekta, vile vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini, 8.1, kisha 8.2 tena. Shemeji yangu aliniambia kwamba baada ya kubadilisha ea klina gari lilikuwa “jepesi”, na simkatalii, ila wepesi wa gari na ulaji wa mafuta ni mambo mawili. Imani kwamba kichujio kichafu cha hewa kinamaliza mafuta ilikuwa na ukweli wakati wa kabureta, kwa kuwa hewa ikizibwa mchanganyiko unazidi kuwa na petroli nyingi. Injini yenye injekta hupima hewa inayoingia kisha ikatoa petroli kwa kadiri ya hewa hiyo. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, nchini Marekani, ililipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2009: katika magari ya kisasa, kichujio kilichoziba kilipunguza nguvu ya kuchanganya mwendo lakini hakikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo spea ile haikuwa ya bure, ila ilinunuliwa kwa sababu isiyokuwepo.

Hatua iliyofuata ilikuwa ghali zaidi. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka, ikazimika yenyewe, ikawaka tena baada ya wiki kadhaa. Gereji moja ilichomeka mashine, ikafuta hitilafu iliyosomeka bila kuiandika popote, ikatamka kwamba “ni sensa”, na ikabadilisha sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la eksozi. Taa ilizimika. Ilirudi baada ya wiki tatu. Hapa nakiri kwamba nina kinyongo kidogo na desturi hii ya kufuta hitilafu bila kuweka kumbukumbu, kwa sababu namba iliyofutwa siku ile ndiyo iliyokuwa jibu la kisa chote.

Kisha ukatokea utambuzi uliowatisha. Wakati wa kubadilisha oili, fundi mwingine alifungua kifuniko cha kujazia oili juu ya injini na kukuta upande wake wa ndani umeganda ute mzito mweupe uliochanganyika na hudhurungi. Alimwonyesha dada yangu ute ule kwenye ncha ya kidole na kumwambia kwamba maji yanaingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya kichwa cha injini na sehemu yake ya chini, imeungua, na injini lazima ifunguliwe. Kwa gari la thamani ile, kazi ya kufungua hedi, kuisawazisha kwenye mashine na kuirudisha inaweza kumfanya mwenye gari ajiulize kama si afadhali auze. Dada yangu hakukubali wala hakukataa. Alinipigia simu usiku ule na kuniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililookoa injini: “Mdogo wangu, kama maji yanaingia kwenye oili, mbona kwenye chupa ya maji hayapungui?”

Hilo lilikuwa swali la mtu anayeandika mambo. Chupa ya akiba ya maji ya rejeta ina alama mbili, na yeye alikuwa ameandika miezi minne kabla kwamba maji yako katikati ya alama hizo. Yalikuwa bado katikati. Nilipofika mwisho wa wiki nilianza na hapo. Kijiti cha kupimia oili kilitoka na oili safi ya kawaida, isiyo na dalili yoyote ya maji. Ute ulikuwa kwenye kifuniko tu, sehemu iliyo juu kabisa na baridi kuliko zote. Nilitumia kile kifaa cha kupimia gesi kwenye rejeta, chenye maji ya bluu yanayogeuka manjano iwapo hewa inayofyonzwa kutoka mdomoni mwa rejeta ina kabonidayoksaidi ya moshi wa injini. Injini ikinguruma, maji yalibaki bluu kwa dakika zote nilizoyatazama. Gasketi ilikuwa nzima. Ute ule ulikuwa unyevu wa kawaida unaozaliwa ndani ya kila injini inapoungua petroli, ambao katika injini inayopata moto sawasawa hugeuka mvuke na kufyonzwa, lakini katika injini isiyopata moto hubaki, ukakusanyika juu na kuchanganyika na oili. Kilichokuwa kinasema “gasketi” kwa fundi yule, kwangu kilianza kusema “baridi”.

Magari mengi madogo ya familia hayana mshale wa joto kwenye dashibodi. Yana taa mbili: ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu inayowaka ikizidi moto. Alama yake ni kipimajoto kilichosimama juu ya mawimbi, na mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa akiiita “mashua”. Asubuhi nilipokaa kiti cha mbele na mashine ya kusomea kompyuta ya gari mkononi, mtoto huyu alikuwa nyuma kwenye kiti chake, na tulipofika getini shuleni alisema, bila kumlenga mtu, “Mashua bado ipo.” Nilimuuliza kama huwa ipo kila siku. Akasema ipo kila siku. Mama yake alinitazama. Shule ilikuwa kilomita 4 kutoka nyumbani, tulikuwa tumetembea dakika 11, na mashine ilikuwa inasoma nyuzi 52 za Selsiasi.

Injini yenye afya, iliyoanza kwenye nyuzi 24 kama ilivyoanza hiyo, ilipaswa kuwa imefika 80 au karibu. Tuliendelea. Baada ya dakika kumi nyingine za mwendo wa mjini ilifika 71, na hapo mtu mwenye haraka angesema inapanda polepole, basi. Nilimwomba dada yangu aingie kwenye barabara kuu na ashike kilomita 90 kwa saa bila kusimama. Ndani ya dakika chache namba ilianza kushuka: 69, 66, 63, ikatulia kwenye 61. Injini inayopoa kadiri inavyokimbia haina kitu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta. Nilisoma pia hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Ilikuwa P0128, ambayo maana yake ni kwamba maji ya injini hayajafika joto ambalo themostati inapaswa kulilinda katika muda ambao kompyuta iliukadiria. Gari lilikuwa limejieleza lenyewe tangu mwanzo, na likafutwa.

Themostati ni kifaa kidogo cha kukaa kiganjani, kilichowekwa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna kidonge cha nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda, mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili yapate moto haraka. Joto likifika kiwango kilichochongwa kwenye kifaa chenyewe, ambacho kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 82 na 90, nta inayeyuka, inavimba na kusukuma mlango, na maji ya moto yanaanza kwenda kwenye rejeta. Yakipoa kupita kiasi, mlango unarudi. Hakuna umeme wala waya. Ni nta na springi. Ford Model T, gari la watu wa kawaida lililoanza kuuzwa mwaka 1908, halikuwa na kifaa hicho, na maji yake, ukiacha magari ya mwanzo kabisa, yalizunguka kwa nguvu ya joto tu. Lakini hata Volkswagen ya kobe, ambayo haikuwa na maji kabisa na ilipozwa kwa upepo, iliwekewa themostati ya kufungua na kufunga milango ya hewa, kwa sababu wahandisi wake walijua kwamba injini inahitaji kuzuiwa isipoe kama inavyohitaji kuzuiwa isichemke. Nataja hili kwa kuwa wapo watu wengi, na miongoni mwao mafundi wazuri, wanaoamini kwamba themostati ni kitu cha nchi za theluji.

Gharama ya ubaridi huo inaingia kwa njia kadhaa kwa pamoja. Petroli haigeuki mvuke vizuri inapokutana na kuta baridi, kwa hiyo kompyuta, ikisoma nyuzi 50 au 60, inaamini kwamba injini bado inaamka na inaongeza petroli ili isizimike, na inashikilia mzunguko wa juu kidogo gari linaposimama. Oili nzito inakataa kusukumwa. Gia otomatiki nyingi huchelewa kufunga kiungio chake cha ndani au kuingia gia ya juu hadi joto lifike kiwango fulani. Sehemu ya petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili, na kuipunguzia uzito wake wa kulinda vyuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho dereva anakisikia kwa sikio. Anakiona kwenye pampu ya mafuta, na kama hana daftari, hakioni hata hapo.

Nilifungua mfuniko wa nyumba ya themostati gari likiwa limepoa kabisa. Bolti zake mbili zilikuwa na vichwa vilivyoparuzwa na spana isiyo saizi yake, na badala ya gasketi ya mpira kulikuwa na silikoni ya rangi ya chungwa iliyobanduka kama kamba. Ndani, mahali pa themostati, palikuwa patupu. Chuma cha kitako kilikuwa na kutu laini ya rangi ya matofali, na maji yaliyotiririka kwenye beseni yalikuwa ya rangi hiyohiyo, kwa sababu yalikuwa maji matupu ya bomba yasiyo na dawa ya kuzuia kutu.

Shemeji alisimama kando yangu, akatazama lile tundu kwa muda, kisha akaenda kuchukua daftari. Alirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa hadi akafika mwanzo wa mwaka wa tatu. Pembeni mwa tenki moja palikuwa pameandikwa: “Limechemsha kwenye foleni. Fundi amerekebisha.” Hakukuwa na neno zaidi. Tenki lililofuata lilikuwa 7.9, na halikurudi chini tena. Nilimuuliza kwa nini hawakuliona hilo kwa miezi yote ile, na jibu lake lilikuwa la haki: mwezi uleule mtoto wa pili alihamishiwa shule ya karibu, safari zikawa fupi na nyingi, na wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo sababu. Ilikuwa sababu ya kweli, kama nitakavyoonyesha, ila haikuwa sababu ya yote.

Sina nia ya kumsulubu fundi aliyeitoa. Mazingira ya siku ile yanafahamika: gari limechemsha jioni, familia inalihitaji kesho asubuhi, themostati mpya haipo karibu, na hakuna wa kumlipa fundi kwa saa mbili za kutafuta chanzo. Kuichomoa kunamaliza tatizo lililo mbele ya macho. Kama angesema, “Nimeitoa kwa muda, rudini wiki ijayo tuweke nyingine na tuangalie kwa nini limechemsha,” nisingekuwa na la kuandika. Kosa ninaloliona ni kwamba kazi ya dharura iliachwa igeuke kuwa kazi ya kudumu, na neno “amerekebisha” likafunika vitu viwili kwa mara moja: kwamba kifaa kimetolewa, na kwamba chanzo cha kuchemsha hakikutafutwa. Niongeze kwamba katika baadhi ya injini themostati ina kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, na ukiitoa, sehemu ya maji ya moto haifiki kabisa kwenye rejeta. Magari ya namna hiyo huchemka zaidi yakitolewa themostati. Hili halikuwa mojawapo, na ndiyo maana ujanja ule ulionekana kufanya kazi.

Themostati ya nyuzi 82 iliyolingana na injini ilibidi isubiriwe karibu wiki tatu. Nilimwomba dada yangu asibadilishe kitu kingine chochote katika muda huo isipokuwa upepo wa matairi, ambao hatukuwa na haki ya kuusubirisha kwa kuwa ni suala la usalama: matairi yote manne yalikuwa kwenye psi 26 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), wakati kibandiko cha mlangoni kinataka 33. Kwa kadirio linalotolewa na serikali ya Marekani, kila psi moja inayopungua katika wastani wa matairi yote hupunguza umbali unaokwenda na mafuta kwa karibu asilimia 0.2. Psi 7 ni asilimia 1.4, ambayo hapa ni kama lita 0.1. Matenki matatu yaliyofuata yalikuwa na wastani wa 8.1. Hesabu inalingana, ingawa tofauti ya 0.1 iko ndani ya makosa ya pampu na sitaiapia.

Themostati ilipofika niliifunga na gasketi yake, nikasafisha mfumo hadi maji yakatoka meupe, nikaweka kulanti, dawa ya kupozea injini na kuzuia kutu, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, nikaondoa hewa kwenye mabomba, nikabadilisha kifuniko cha rejeta na oili. Asubuhi iliyofuata nyuzi 80 zilifika kabla ya kilomita 4, na kwenye barabara kuu namba ilikaa kati ya 84 na 88 bila kuyumba. Nilirudi kwangu nikiamini kazi imekwisha, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilikuwa nimesahau swali ambalo nilimlaumu mwenzangu kwa kutoliuliza: lile gari lilichemka kwa nini siku ile ya kwanza?

Jibu lilikuja siku ya tatu. Dada yangu alikwama kwenye foleni mchana, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na watoto wawili wakiwa nyuma. Nilikuwa nimemwachia ile mashine ya kusomea ikiwa imechomekwa, na aliiona namba ikipita 95, 99, 102. Kwenye 104 alizima kiyoyozi, akafungulia hita hadi mwisho na feni ya ndani kwa nguvu zote, akashusha vioo, na akaanza kusogea upande wa barabara. Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na kuifungulia ni kuipa injini mahali pa pili pa kutolea joto, hata kama waliomo ndani wataungua kidogo. Namba ilifika 107, ikasita, ikashuka. Aliegesha, akazima injini, na hakugusa kifuniko cha rejeta. Mfumo wa maji hufungwa kwa shinikizo la takriban bar moja juu ya hewa ya nje, na shinikizo hilo ndilo linalopandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Anayefungua kifuniko wakati huo anaondoa shinikizo ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa mkupuo kuelekea usoni mwake. Alisubiri dakika 45.

Gari hili lina feni mbili mbele, moja ya rejeta na moja ya kiyoyozi, na zote mbili zinapaswa kuzunguka kiyoyozi kikiwashwa. Ilizunguka moja. Ile ya kushoto, ya rejeta, ilikuwa inapata umeme kamili kwenye soketi yake lakini mota haikujibu. Nilipoigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi ilizunguka sekunde chache na kusimama tena, dalili ya kaboni, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zilizolika hadi mwisho. Kugonga kulifanyika nikiwa nimeshika mpini mrefu na vidole viko mbali, kwa kuwa feni za aina hii huweza kuanza bila taarifa.

Inafaa kueleza ni vipi kukosekana kwa themostati kulificha feni mbovu kwa miaka miwili, maana ndilo fundo la kisa. Themostati iliyofunguka kabisa haizuii maji kiasi cha kuleta tofauti kubwa. Ikishafika nyuzi 95, gari lenye themostati na lisilo nayo hupozwa karibu sawasawa. Kinachotofautiana ni pa kuanzia. Gari linaloingia kwenye foleni likiwa na nyuzi 61 lina nyuzi zaidi ya 40 za kupanda kabla ya hatari, na safari za familia hii zilikuwa fupi kiasi kwamba foleni iliisha kabla nyuzi hizo hazijaisha. Linaloingia na 86 lina nyuzi 20 tu. Kutoa themostati hakukuponya kuchemka, bali kulinunua muda, na bei ya muda huo ikalipwa kwenye pampu, karibu lita moja kwa kila kilomita 100, huku taa nyekundu ikiwa kimya na kila mtu akiamini gari liko salama. Siku moja ya foleni ndefu kweli, mbali na nyumbani, ingetosha kuunguza ile gasketi ambayo fundi wa pili alidhani imekwisha kuungua.

Mota ya feni ilibadilishwa. Tangu hapo matenki matano yametoa wastani wa 7.2. Kutoka 8.1 hadi 7.2 ni kazi ya themostati, na feni haina mchango wowote katika hesabu hiyo. Mchango wake ni kwamba tunaweza kuiacha themostati mahali pake. Imebaki tofauti ya lita 0.3 kati ya 7.2 na 6.9 ya zamani, na hiyo naihusisha na shule ya karibu: safari ya kilomita 4 huisha pale injini inapoanza kupata moto, na hakuna spea inayorekebisha hilo. Shemeji alitaka tufungue injekta tuzikague. Dada yangu alikataa, akapanga badala yake kwamba shughuli za asubuhi zifanyike kwa mzunguko mmoja baada ya kuwashusha watoto, injini ikiwa bado ya moto, na mwezi huu anapima kama inasaidia.

Mtoto wa mwisho alilalamika siku chache kwamba mashua inaondoka mapema mno, kabla hawajafika kona ya pili. Lile daftari lilifunguliwa tena kwenye ukurasa wa mwaka wa tatu, na mbele ya neno “amerekebisha” dada yangu ameongeza kwa kalamu nyekundu, kwa herufi ndogo zilizobanwa pembeni kwa sababu nafasi haikutosha: “alitoa themostati; feni ya kushoto ilikuwa mbovu.”